Chombo Hakilali Wazi

Arobaini ya Bi Tatu binti Hamisi ilisomwa Isevya siku ya Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. Nilifika Tabora siku moja kabla, kwa treni, na goti langu bovu na mfuko wa tende nilionunua Dar es Salaam. Nyumba ni ileile. Wameipiga plasta na kuondoa madirisha ya mbao, lakini mlango wa uani bado unakwama usipousukuma kwa bega. Mjukuu wake, Rukia, ambaye naye sasa ana watoto wakubwa, alinikalisha mkekani pamoja na wanawake wa mtaa, akawaambia, "Huyu ndiye Mama Vero, yule daktari wa mvua ambaye bibi alikuwa hamalizi wiki bila kumtaja." Wakanikaribisha kwa heshima. Bibi mmoja aliyeegemea ukuta, mwenye miwani minene, aliitwa Bi Mwajuma, akanigeukia. "Ulikaa naye mwaka mzima?" Nikamwambia ndiyo. "Na marehemu shule hakwenda, alisoma chuo cha Kurani tu, juzuu zake. Sasa kwenye huo udaktari wako alikusaidia nini?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Nilifungua kinywa, nikajisikia ninajibu, "Alinipangisha chumba." Wanawake wakaitikia kwa vichwa, sahani za pilau zikaletwa, mazungumzo yakahamia kwingine.

Tangu nirudi kutoka huko maneno hayo mawili yananikera. Si uongo; chumba alinipangisha kweli, na kodi nilimlipa. Lakini kuna ukweli unaosemwa ili kuficha ukweli mwingine, na huo wa kwangu nimeusema kwa zaidi ya miaka arobaini, tena mbele ya watu wakubwa kuliko Bi Mwajuma. Kwa hiyo mwaka ule nitauandika. Ya kuzaliwa kwangu, nani alinisomesha na nani aliona mtoto wa kike anapotezewa wakati, wanangu wanayajua na hayana kazi hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, na nilirudishwa nyumbani kwa mwaka mmoja kuja kukinga mvua.

Watu walipokuwa wakiniuliza kazi yangu ni nini, jibu hilo liliwachekesha, nami lilinichosha, kwa hiyo nikajifunza kulieleza vizuri. Hewa hii tunayoivuta si tupu. Mawimbi yanapovunjika baharini, upepo hunyanyua punje za chumvi ambazo jicho haliwezi kuziona, pamoja na ayodini kidogo. Barabara hutoa vumbi lenye chuma na manganizi. Misitu inapochomwa hutoa majivu. Vyote hivyo hupanda, husafiri, halafu hurudi chini, vingine ndani ya mvua, vingine vyenyewe vikavu, taratibu, juu ya majani na mabati na vichwa vyetu. Nilitaka kujua kinachorudi ni nini na kimetoka wapi. Mwenzangu mmoja alikuwa na vyombo vyake pwani, nami niliwekwa Tabora, kwa kuwa ni mbali na bahari na iko juu ya ile njia ya zamani ya misafara, ambayo wapagazi waliipanda kwa miguu kutoka Mrima, huko pwani, miezi kadhaa, na mizigo vichwani. Swali la profesa wangu lilikuwa fupi: je, chochote cha bahari kinafika kule kwa njia ya angani? Halikuwa swali la kujifurahisha. Nchi zilizo mbali na bahari zina watu wengi wenye rovu, uvimbe ule wa shingo unaoletwa na upungufu wa ayodini. Siku hizi kila pakiti ya chumvi imeandikwa "madini joto" na hata watoto wanalijua neno. Wakati ule hatukuwa nalo, na hakuna aliyejua mvua inaleta kiasi gani.

Bi Tatu mwenyewe alikuwa na rovu. Alijitanda kanga shingoni hata jikoni kwenye moto, na ukimtazama hapo alikuuliza kama umepoteza kitu. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na riziki yake ilikuwa vitumbua vya asubuhi. Sukari ilipoadimika madukani akaviunga kwa asali ya misituni, na wateja wakawa wengi zaidi. Chumba changu kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara: kitanda cha kamba, meza moja, msumari wa kutundikia nguo, na chini ya kitanda kreti za chupa ndogo zilizooshwa kwa asidi huko Ulaya na kufungwa kwenye mifuko, ambazo niliziogopea kuliko mayai. Tulikula pamoja sebuleni, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiwa yameungwa kwa karanga, na masika uyoga. Kila chakula kilifika kimefunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu kilichosukwa mithili ya kofia ya pia. Sikuwahi kula katika nyumba ile kitu ambacho hakikufunuliwa mbele yangu. Niliona ni madaha ya watu wa mjini, nikayapenda bila kuyafikiri.

Vyombo vyangu viwili vilikaa nyuma ya ua, kwenye kiwanja kitupu kilichozungushiwa matete, mbali na paa na miti. Kila kimoja kilikuwa chupa kubwa ya plastiki yenye faneli pana juu yake, vimesimama bega kwa bega kwenye uchaga. Nilivipa majina ya pacha wa kwetu Unyamwezini, Kulwa na Doto, kwa sababu kazi yao ilikuwa kufanana: vyote viwili vikikinga mvua ileile, na vikisema neno moja, basi neno hilo ni la kuaminika. Profesa alikuwa amenionya nisivisogelee bila sababu, kwa kuwa jasho la mtu lina chumvi ya kutosha kuharibu kila kitu. Kwa hiyo nilikwenda kiwanjani saa moja asubuhi, na kama kumenyesha, nilimimina maji katika chupa ndogo, nikabandika lebo, nikaosha, nikaondoka. Kisha nilipanda baiskeli kwenda Kipalapala, ambako padre mmoja mwalimu wa seminari, Padre Anselmi, alikuwa akinisomea kipimo cha mvua, na sanduku langu la posta lilikuwa lao. Nilirudi jioni. Dirisha langu, kama nilivyosema, lilitazama barabara.

Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yalipita Isevya tangu asubuhi yakiwa na vitanda, mabati, mbuzi, na wazee waliokaa juu ya magunia wakitazama walikotoka. Vumbi lake lilikuwa jekundu na halikutulia mpaka jioni. Mimi niliamini ujamaa kwa moyo wote, nilikuwa na beji, lakini sikuweza kuyatazama malori yale bila kufikiria manganizi, na jambo hilo lilinitia haya. Siku moja, nikiwa chumbani naandika, nikasikia wanawake wawili wamesimama barazani kusubiri vitumbua. Mmoja akasema, "Msomi, sikatai. Lakini vyombo vyake vinalala wazi." Mwenzake akaguna, "Na Bi Tatu anamwona?" Wakacheka kidogo. Damu ilinipanda usoni. Nilikuwa msichana asiyeolewa, ninayezunguka na baiskeli mpaka kwa mapadre, na Kiswahili cha mjini kina mafumbo mengi, nilijua wananisema. Kuanzia siku hiyo nilivaa kanga mbili, nikafunga dirisha mapema, na nikamsalimia kila mzee "shikamoo" mara mbili. Bi Tatu alinitazama, akasema, "Mwanangu, unaumwa baridi?"

Mvua ya kwanza ilikuja na kumbikumbi, nikawatoa ndani ya faneli kwa koleo huku majirani wakinisikitikia kwa kutupa mboga. Ya pili ilipiga bati kwa nguvu mpaka hatukusikilizana mezani. Nilipenda kumwona Bi Tatu mvua inapoanza. Popote alipokuwa aliacha kazi, hata vitumbua vikiwa motoni, akatoka uani mbio akisema "rehema hiyo, rehema hiyo," akarudi kanga imelowa. Nilidhani anakwenda kuanua nguo. Novemba ikaisha, Desemba, Januari. Kreti ya kwanza niliipeleka stesheni mimi mwenyewe, ikaenda Dar, ikapanda ndege. Februari barua ilifika.

Padre Anselmi alinipa bahasha kwenye varanda ya seminari, akaniachia benchi lake. Profesa hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika kwamba Kulwa na Doto havikubaliani. Chuma na manganizi katika Kulwa ni nyingi mno, katika Doto karibu hakuna. Mara mbili tu vimelingana, mvua ya nne na ya tisa, bila sababu yoyote inayoonekana. Ama nachafua chombo kimoja, ama nakosea lebo, na kama chupa zinazofuata zitakuwa hivi basi mwaka huu hauna tasnifu, na nijiandae kurudi kuzungumzia kama nina nafasi ya kuendelea. Nyuma ya barua kulikuwa na jedwali, ambalo sikulisoma. Nilisoma sentensi ya mwisho mpaka herufi zikapoteza maana. Mvua iliyokwisha kunyesha hairudiwi. Nilikuwa mwanamke mmoja katika idara nzima, Mwafrika mmoja, na nilijua vizuri watakavyosema kwa upole kwenye chumba cha chai. Padre alinipa maji ya kunywa, akasema tu, "Nenda nyumbani, dada. Leo usipime kitu." Nikapanda baiskeli jua likiwa la utosi.

Niliusukuma mlango wa uani kwa bega, nikapita moja kwa moja hadi kiwanjani, nadhani ili nivitazame vyombo vile usoni. Kulwa alikuwa wazi, akipokea vumbi la malori. Juu ya Doto kulikuwa na kawa. Na Bi Tatu alikuwa ameinama, anaiweka sawa kwa ncha za vidole, akisema "Bismillahi." Sijui nilipiga kelele ya namna gani, hata Rukia, aliyekuwa mtoto wa kubebwa, aliamka ndani na kulia. Nakumbuka nilisema, "Umeniua! Bi Tatu, umeniua!" Nikamwambia kwamba ameharibu kazi ya serikali, kazi ya chuo, maisha yangu, kwa ujinga wa kifuniko cha wali. Neno ujinga nililitamka. Aliitoa kawa, akaipangusa kwa kanga, akapita pembeni yangu kuelekea jikoni kwa hatua za mtu aliyebeba maji.

Jioni ile sikwenda sebuleni. Chakula kililetwa chumbani, kikawekwa mezani bila neno, kimefunikwa kwa kawa ileile. Nilikaa nikiitazama. Nilipoifunua kulikuwa na kuku, na haikuwa siku ya kuku. Nililia, nikala, nikalia tena, halafu nikachukua sahani kuirudisha, nikamkuta amekaa kwenye kibao anapembua mchele. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba," bila kunyanyua kichwa. Nikamwomba radhi. Alipembua kidogo, kisha akaanza kusema, sauti yake kubwa akiwa ameishusha.

"Watu walikuwa wanasema, mwanangu. Mwanamke mzima, vyombo vyake vinalala wazi. Sisi tulifundishwa tangu chuoni, chombo hakilali wazi. Upo usiku mmoja katika mwaka, maradhi yanashuka kutoka juu, na chombo kisicho na kifuniko hayakipiti. Usiku wenyewe haujulikani. Kwa hiyo unafunika yote. Sasa wewe una kisomo chako, nikaona nikikuambia utaona haya, mtu kama mimi kukufundisha. Nikasema nitakusitiri. Nafunika ukiondoka, nafunua alfajiri nikishasali, kabla hujatoka. Mvua ikija nafunua, maana mvua ni rehema, haizuiwi. Hata ije nimelala, bati lenyewe linaniamsha."

"Kwa nini Doto tu? Kwa nini hukufunika na Kulwa?"

"Kawa nilikuwa nazo mbili. Moja nilimtuza mpwa wangu kwenye harusi yake Gongoni. Hii iliyobaki naitoa chakula kikiiva tu, tukishakula nairudisha." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nadunduliza ninunue nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale wanawake wa barazani hawakuwa wakipiga fumbo lolote. Walisema vyombo, na walimaanisha vyombo. Nilitaka kucheka na kanga zangu mbili. Lakini kitu kingine kilikuwa kimeshaanza kunitembea mwilini, na nikamuuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka vinyweleo vinasimama. "Bi Tatu, kuna siku ulisahau kufunika?"

Alikunja uso. Aliona namshitaki. "Kusahau sikusahau. Mara mbili sikuweza. Matanga ya Gongoni, siku tatu nilihamia huko, nilirudi imeshanyesha. Na lile jino, nililala siku nne, hata vitumbua sikupika. Unakumbuka ulinipa aspirini."

Nilikimbia chumbani. Katika daftari langu, pembeni mwa kurasa, niliandika mambo madogomadogo ya nyumba. Mvua ya nne: "Bi Tatu yuko msibani, nimekula kwa Padre." Mvua ya tisa: "Jino la Bi Tatu. Aspirini mbili." Nikaiokota barua ya profesa. Mvua ya nne na ya tisa ndizo mbili ambazo Kulwa na Doto walifanana. Mwanamke yule, bila kalamu, bila kujua kwamba anaulizwa na maabara iliyo ng'ambo ya bahari mbili, alikuwa ametoa jibu lake mwenyewe, na lilikaa sawasawa. Kawa haikuwa imechafua kitu. Kawa ilikuwa imezuia vumbi kavu lisiingie, ikafunuliwa kwa mvua peke yake. Kwa miezi mitatu, kwenye uchaga wangu, chombo kimoja kilikinga kila kilichoanguka na kimoja kilikinga mvua tupu, na tofauti yao ilikuwa ndiyo vumbi la Isevya, malori na moshi wa vitumbua. Watu wenye fedha walikuwa wakijaribu kutengeneza mashine za kufanya kazi hiyo.

Ndipo nikageuza barua na kulisoma lile jedwali la nyuma. Chuma kilitofautiana, manganizi ilitofautiana, kama alivyosema. Lakini chumvi na ayodini vililingana, Kulwa na Doto, mvua baada ya mvua, chombo kiwe wazi kiwe kimefunikwa. Kidogo mno, lakini vililingana. Maana yake vumbi lilikuwa la hapa na lilianguka lenyewe, bali chumvi haikuwa ya hapa. Ilikuja na mvua, na ilikuja na mvua tu. Nilirudi jikoni na karatasi mkononi, nikakaa chini kwenye sakafu ya udongo. Nikamwambia, "Bi Tatu, bahari inafika hapa."

"Bahari gani?"

"Ya Mrima. Inakuja ndani ya mvua. Umeikinga wewe."

Babu yake alikuwa mpagazi. Alitoka pwani na msafara, mzigo wa nguo kichwani na fundo la chumvi kiunoni, akafika Tabora, akaoa, akabaki. Alikuwa akiwasimulia wajukuu kwamba bahari ni maji yasiyo na ng'ambo na hayanyweki, na Bi Tatu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Nzega, hakuwahi kuamua kama babu alisema kweli. Sasa alinyanyuka, akaenda kwenye mtungi wake wa maji ya mvua yaliyokingwa batini, akaondoa kifuniko, akachota kata, akasema Bismillahi, akaonja na kuyaweka mdomoni kabla ya kuyameza. "Haina chumvi," akasema. Nikamweleza kwamba ni kidogo kuliko ulimi unavyoweza kujua, na ni kidogo kuliko shingo yake inavyohitaji, ndiyo sababu ya rovu. Alijishika pale kooni, juu ya kanga, bila kuficha. "Babu alitembea miezi," akasema. "Na hii inakuja yenyewe, haina mpagazi, na mimi naipikia ugali." Sijawahi, katika chuo chochote, kuona mtu akilipokea jambo hilo kwa ukubwa wake kama yeye alivyolipokea. Mimi nilikuwa na jedwali. Yeye alikuwa na kata mkononi.

Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi wawili. Nilinunua kawa ya pili nikamrudishia yake ya chakula. Kila mvua alinieleza moshi wa jiko ulilalia upande gani kabla haijanyesha, na zile zilizotoka mashariki ndizo zilizokuja kuonekana na chumvi zaidi, zile za upande wa Kigoma zikiwa nayo kidogo. Nilimwandikia profesa kwamba Doto kilifunikwa wakati wa ukavu, na nikamwonyesha zile mvua mbili. Jibu lake lilikuwa la furaha, kwa kadiri alivyoweza. Mpango mzuri sana, aliandika, nani alikushauri? Barua ile nilikaa nayo siku tano. Nilijua jina la kuandika. Niliona pia chumba cha chai, na wale watu wapole, na kichekesho: mpishi wa vitumbua, maradhi yanayoshuka kutoka juu, kifuniko cha wali. Nikaandika, "Niliona ni vyema kulinganisha." Katika tasnifu nikaandika kwa ile lugha ya kisayansi isiyo na watu, kwamba chombo cha pili kilifunikwa nyakati zisizo na mvua. Watahini walikisifu kifungu hicho kuliko vyote. Nikapata shahada, nikapata kazi, na kwa miaka mingi wanafunzi wangu wamefundishwa mpango huo kwa jina langu.

Bi Tatu alijua. Wiki ya mwisho kabla sijaondoka, aliniomba nimsomee nilichoandika, na nikamtafsiria kurasa chache, yeye akichambua uyoga. Nilipofika pale nikasoma, "Chombo cha pili kilifunikwa nyakati zisizo na mvua."

"Kilifunikwa na nani?"

Nikamwambia sayansi haitaji mtu, hutaja jambo.

"Aa. Kimejifunika chenyewe. Basi hicho kina adabu kuliko wewe." Akacheka kicheko chake kikubwa, nami nikacheka, nikitumaini yamekwisha. Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, taratibu, "Nilikusitiri kwa majirani, na kwa wasomi wenzako nikusitiri pia, si neno. Lakini ukumbuke, mwanangu. Kifuniko kina wakati wake. Mvua ikija usipofunua, hujalinda chombo, umekinyima." Hakulirudia tena jambo hilo, si siku ile, wala katika barua zote alizowaamuru wajukuu waniandikie.

Na mvua ilikuja mara nyingi. Ilikuja kila nilipopewa kipaza sauti. Ilikuja Jumamosi ile pale mkekani, Bi Mwajuma akiniuliza waziwazi, wanawake wote wa mtaa wakisikiliza, na kaburi la mwenyewe likiwa bado na udongo mpya. Nikafunika tena. Aibu niliyoisikia treni ikitoka Tabora sitaieleza, kila mtu anaijua ya kwake.

Leo asubuhi nimeishusha tasnifu kutoka juu ya kabati. Nimeitafuta ile sentensi, ya Kiingereza, inayoishia kwenye neno la kufunikwa na nukta. Nimechukua kalamu ya wino, nimekata nukta, na kwa Kiswahili nimeandika mbele yake: "na Bi Tatu binti Hamisi, wa Isevya, ambaye ndiye aliyebuni." Chuoni nimewaandikia barua waongeze hivyo hivyo katika nakala yao. Kisha nikampigia simu Rukia. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya Bi Mwajuma, mbele ya watu, na nataka kumjibu upya. Nikamsomea sentensi nzima, tangu mwanzo, nikimtafsiria.

Nilisikia mlango wa uani ukisukumwa kwa bega.

"Ngoja, Mama Vero," alisema. "Usikate. Ngoja nimwite Bi Mwajuma na wenzake wote hapa uani, uisome tena kwa sauti."